Soda ya moto ipozwe kabla ya kufunguliwa

Anayenunua kreti ya soda ya moto Mtwara mjini na kuipakia kwenye bajaji hadi Mikindani anaijua hasara ya chupa inayomwaga robo yake mezani mara tu kizibo kinapong'olewa. Gesi inayosukuma povu hilo ni kabonidayoksaidi, iliyoyeyushwa kiwandani kwa mgandamizo mkubwa, na uwezo wa maji kuishikilia hupungua kadiri joto linavyopanda: katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, lita moja ya maji yenye nyuzi 0 huyeyusha takribani gramu 3.3 za gesi hiyo, lakini yakifika nyuzi 25 huyeyusha gramu 1.5 hivi tu. Mtikisiko wa barabarani nao hutawanya viputo vidogo ndani ya kinywaji, na kila kiputo huwa mlango wa gesi kutokea. Kwa hiyo, isimamishe chupa wima kwenye maji ya barafu kwa nusu saa, ili ipoe na viputo vipande juu, ndipo uifungue.

Korosho ya chumvi isidondoshwe ndani ya glasi (mchezo ambao, nakiri, bado naupenda), kwa kuwa mikwaruzo na chembe za chumvi huamsha viputo papo hapo.

Chupa ya plastiki iliyobaki nusu nayo isibonyezwe ili kutoa hewa kabla ya kufungwa, kwani plastiki hutanuka tena na gesi hutoka kwenye soda kujaza nafasi hiyo. Inatosha kukaza kizibo na kuirudisha kwenye friji.