Namna ya Kupima Gharama na Faida za Umeme wa Upepo wa Baharini

Mwaka 2014 mradi wa Hornsea One, ambao mitambo yake 174 imesimama katika Bahari ya Kaskazini takriban kilomita 120 kutoka pwani ya Yorkshire nchini Uingereza, ulipewa mkataba wa kudhaminiwa bei ya pauni 140 kwa megawati-saa, ambayo ni uniti 1,000 za umeme, yaani peni 14 kwa kila uniti. Mwaka 2017 jirani yake Hornsea Two alikubali peni 5.75. Mwaka 2022 Hornsea Three akashuka hadi peni 3.7 hivi. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaitisha zabuni nyingine, ikaweka kikomo cha peni 4.4, na hakuna kampuni hata moja ya upepo wa baharini iliyojitokeza.

Bahari haikubadilika katika miaka hiyo, wala upepo wake. Kilichobadilika ni bei ya chuma, bei ya mitambo na, zaidi ya yote, riba ya mikopo. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama umeme huu ni ghali au ni nafuu, awe mwandishi wa habari, diwani, mwanafunzi au mjumbe wa kamati ya wavuvi aliyeletewa wageni wenye ramani, hawezi kupata jibu kwa kusoma bei moja iliyotangazwa. Inambidi aifanye hesabu mwenyewe, na hesabu hiyo haihitaji zaidi ya kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu.

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote, uliza bei uliyotajiwa ni ya fedha ya mwaka gani na imebeba nini ndani yake. Bei zote za Hornsea nilizozitaja ni za thamani ya pauni ya mwaka 2012, na mikataba hiyo hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Aliyesoma mwaka 2022 kwamba upepo wa baharini unauzwa chini ya peni 4 alikuwa analinganisha pauni ya zamani na bili ya siku hiyo. Swali la pili linahusu waya. Nchini Uingereza mwekezaji hulazimika kuingiza gharama ya kuufikisha umeme nchi kavu katika bei yake, ilhali Ujerumani waya huo hujengwa na kampuni ya gridi na kulipiwa na wateja wote kupitia tozo iliyomo katika bili zao. Ukiweka bei za nchi hizi mbili bega kwa bega bila kulijua hilo, Ujerumani itaonekana nafuu kwa sababu sehemu ya mzigo iko katika ukurasa mwingine.

Hatua inayofuata ni kukadiria umeme utakaopatikana kwa mwaka, na hapa watu wengi hudanganyika kwa neno megawati. Uwezo ulioandikwa kwenye mtambo ni ule wa upepo mzuri, si wa kila siku. Chukua uwezo huo kwa megawati, uzidishe kwa saa 8,760 za mwaka, kisha uzidishe kwa sehemu ya uwezo inayopatikana kweli. Shamba la kwanza la upepo wa baharini duniani, Vindeby la Denmark, lilikuwa na mitambo 11 ya kilowati 450 kila mmoja, na katika miaka 25 hivi ya maisha yake, kuanzia 1991, lilipata wastani wa asilimia 22 tu ya uwezo wake. Hywind, mradi wa mitambo 5 inayoelea katika bahari ya Uskoti tangu 2017, umepata asilimia 54 hivi katika miaka yake ya mwanzo. Tofauti hiyo inatokana na urefu wa minara, ukubwa wa mapanga na nguvu ya upepo wa mahali penyewe, na hili la mwisho lina uzito usio wa kawaida, kwa kuwa nguvu inayobebwa na upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Upepo wa mita 9 kwa sekunde haubebi nguvu mara moja na nusu ya ule wa mita 6. Unabeba zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana watu wanakwenda kujenga mbali baharini, mahali ambapo hakuna mlima wala mti wa kuuvunja upepo, ingawa kila kilomita inaongeza gharama.

Kwa pwani yetu usikubali wastani wa mwaka peke yake, dai takwimu za mwezi kwa mwezi. Nahodha yeyote wa jahazi anajua kwamba kusi na kaskazi havina nguvu sawa, na kwamba kati yake huja maleleji, siku ambazo tanga hulegea na chombo hukaa palepale. Wastani mzuri wa mwaka unaweza kuficha wiki kadhaa ambazo umeme utalazimika kutoka kwingine, na huyo mwingine naye analipwa.

Sasa tufike kwenye fedha, ambako ningemshauri msomaji atumie nusu ya muda wake wote. Kituo cha dizeli ni rahisi kujenga na ghali kuendesha, kwa sababu mafuta hununuliwa kila siku kwa miaka yote. Upepo wa baharini uko kinyume kabisa: mafuta yake ni ya bure, lakini karibu gharama yote, kuanzia misingi, minara, mapanga na waya hadi meli za kreni, hulipwa kabla ya uniti ya kwanza kupatikana. Anayelipa mapema hulipa kwa fedha ya mkopo. Kwa hiyo unaponunua umeme huu, sehemu kubwa ya unachonunua ni riba.

Tuione kwa mfano. Tuseme mradi una uwezo wa megawati 100, na tudhanie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kila megawati inajengwa kwa dola milioni 4, hivyo jumla ni dola milioni 400. Tudhanie pia kwamba sehemu inayopatikana kweli ni asilimia 45, maisha ya mradi ni miaka 25, na uendeshaji na matengenezo yanakula dola milioni 10 kwa mwaka. Umeme wa mwaka utakuwa 100 mara 8,760 mara 0.45, yaani megawati-saa 394,200. Fungua kikokotoo cha mkopo, kile kile ambacho mtu hutumia kabla ya kukopa benki au SACCOS kwa mtindo wa riba inayopungua na salio, uingize dola milioni 400 kwa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 5, rejesho la kila mwaka ni dola milioni 28.4. Ongeza milioni 10 za uendeshaji, gawa kwa megawati-saa hizo, ambazo ni uniti milioni 394.2, na utapata senti 9.7 za dola kwa uniti moja. Rudia sasa kwa riba ya asilimia 12 bila kugusa kitu kingine: rejesho linapanda hadi dola milioni 51 kwa mwaka, na uniti inafika senti 15.5.

Mitambo ni ile ile, upepo ni ule ule, mafundi ni wale wale, na bado uniti imepanda kwa karibu asilimia 60. Hii ndiyo sababu mradi unaoonekana nafuu Denmark, nchi inayokopa kwa riba ndogo, unaweza kushindwa katika nchi ambayo wakopeshaji wanaiona ya hatari, hata kama upepo wake ni bora zaidi. Ndivyo pia miradi ya Ulaya ilivyokwama: mwaka 2023 kampuni ya Vattenfall ilisimamisha mradi wa Norfolk Boreas ikieleza kuwa gharama zimepanda kwa asilimia 40, na mwaka 2025 kampuni ya Ørsted ikaachana na Hornsea Four kama ulivyokuwa umepangwa, licha ya kuwa na mkataba mkononi. Mtu akikuletea makadirio ya bei bila kutaja riba aliyoitumia, mrudishie karatasi yake.

Kina cha maji kinaingia katika hesabu hiyo hiyo. Mpaka mita 50 au 60 hivi, nguzo hukitwa sakafuni mwa bahari. Zaidi ya hapo mtambo lazima uelee na kufungwa kwa minyororo na nanga, na gharama hupanda sana. Mkondo wa Pemba, kwa mfano, una kina cha mamia ya mita karibu na nchi, kwa hiyo bei za Denmark, ambako Vindeby ilisimama kwenye maji ya mita chache tu, hazifai kunakiliwa huko.

Waya nao unastahili mstari wake. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana nchini Kenya, yenye uwezo wa megawati 310, iko nchi kavu, lakini somo lake linaihusu bahari moja kwa moja. Mitambo ilikuwa imesimama mapema mwaka 2017, na njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikukamilika hadi Septemba 2018. Mkataba ulikuwa na kipengele cha fidia, na Kenya ikajikuta inalipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwa na njia ya kufika kwa mteja. Basi soma mkataba wa kununua umeme, utafute sentensi inayosema nani atalipa waya ukichelewa.

Kuhusu waya ukikatika, Waunguja hawahitaji kuelezwa. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi baada ya njia inayotoka bara kuharibika, na wenye hoteli na wenye mabucha walijua kila siku walikuwa wanapoteza nini. Kule Block Island, katika jimbo la Rhode Island la Marekani, mawimbi yalifukua waya wa chini ya bahari uliozikwa karibu na ufukwe, ukabidi uzikwe upya kwa gharama ambayo haikuwamo katika hadithi ya ufunguzi. Katika hesabu yako weka fungu la matengenezo ya waya, na uulize meli ya kuutengeneza itatoka bandari gani na itachukua siku ngapi kufika.

Faida nazo zipimwe kwa ukali ule ule, na swali la kuanzia ni moja: umeme huu unachukua nafasi ya nini? Block Island ilikuwa inachoma dizeli iliyoletwa kwa meli. Mitambo yake 5 na waya wa kwenda bara vilipoanza kazi, majenereta yalizimwa mwaka 2017, na faida ikasikika kwa masikio, kwa maana kelele ziliisha. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba uniti moja ya upepo wa baharini, ukihesabu hata kiwanda na meli za ujenzi, huambatana na gramu 12 hivi za hewa ukaa, dhidi ya gramu 820 za makaa ya mawe na 490 za gesi. Poland, inayochoma makaa, inapata karibu tofauti hiyo yote. Kenya, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake tayari ni wa jotoardhi, maji na upepo, inapata pungufu ya hapo kwa kila uniti. Si hoja ya kukataa upepo. Ni hoja ya kutokopi tarakimu ya faida kutoka ripoti ya nchi nyingine.

Ajira zihesabiwe kwa mafungu mawili. Za ujenzi ni nyingi na hupita baada ya miaka michache. Zinazobaki ni za matengenezo na za bandari, na zinaweza kuibadilisha bandari yenyewe: Esbjerg ya Denmark na Grimsby ya Uingereza, zote zilizokuwa bandari za uvuvi, leo zinaishi kwa sehemu kwa kazi za upepo. Uliza ni fungu lipi unaloahidiwa.

Kwa wavuvi, usiandike neno moja la athari; chora ramani. Onyesha eneo litakalofungwa wakati wa ujenzi, eneo litakalobaki limefungwa baadaye, njia ya waya, na mahali ambapo watu wanatega madema au kuvuta nyavu. Misingi ya mitambo huota kome na kuvuta samaki, jambo ambalo limeshuhudiwa mara nyingi Ulaya, lakini samaki asiyefikika si kitoweo cha mtu. Kelele za kugongelea nguzo huwafukuza nyangumi wadogo na pomboo kwa umbali mkubwa, na Ujerumani imeweka kikomo cha sauti hiyo, ndiyo maana wajenzi huko huzizingira nguzo kwa pazia la mapovu ya hewa ili kuipunguza. Ajali nazo hutokea: Julai 2024 panga moja la mradi wa Vineyard Wind wa Marekani, lenye urefu wa zaidi ya mita 100, lilivunjika, na vipande vyake vikasombwa hadi fukwe za kisiwa cha Nantucket. Fidia iwe na kiasi, tarehe ya kulipwa na orodha ya wanaostahili, ikiwataja pia wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, ambao mara nyingi hawamiliki chombo na kwa hiyo husahaulika.

Mstari wa mwisho wa karatasi ni wa kubomoa. Mwaka 2017 mitambo ya Vindeby ilishushwa mmoja mmoja kwa kreni, na misingi yake ya zege ikavunjwavunjwa papo hapo baharini kisha ikakusanywa. Hiyo ilikuwa mitambo midogo, kwenye maji ya kina kifupi, karibu na nchi. Mtambo wa leo una uwezo mara 20 au zaidi ya ule, na kampuni iliyoujenga huenda itakuwa imeuzwa mara mbili kabla ya miaka 25 kutimia. Kwa hiyo tafuta katika mkataba dhamana ya fedha ya ubomoaji: ni kiasi gani, kimewekwa benki gani, na kinaanza kuwekwa mwaka gani. Kama hakimo, kadiria mwenyewe na ukiongeze kwenye gharama, upande wa serikali.