Mnakuja Mombasa wawili? Anzeni na chumba

Kama nyinyi ni wapenzi wa jinsia moja na mnapanga wikendi Mombasa, ufuo baadaye, chumba kwanza. Agizeni chenye vitanda viwili. Marafiki kulala chumba kimoja si ajabu huku. Mkitaka kitanda kimoja, tafuteni nyumba ya kukodi kwa siku, Nyali au Bamburi, yenye mlango wake. Macho ya mapokezi mtakuwa mmeyaepuka.

Sheria muijue. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vinavyotumika kuharamisha ngono ya jinsia moja, vingalipo, kifungo hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Lakini Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapa hapa Mombasa mwaka 2018, iliharamisha kumpima mtu sehemu za siri kwa lazima ili kutafuta ushahidi. Hiyo ikumbukeni.

Mji wa Kale tembeeni asubuhi, mavazi ya heshima. Wanaume wawili kushikana mikono wakipiga soga, Pwani ni kawaida (wageni hushangaa). Busu ndilo litakalowaletea umati.

Penye hatari hasa ni kukutana na mtu wa mtandaoni. Wapo wanaojifanya wapenzi kumbe wanatafuta wa kumtishia wamkamue pesa. Mpigie simu ya video kwanza, mkutane mchana penye watu, kamwe si chumbani kwako, na rafiki mmoja ajue uliko. Picha na meseji zenu zifungieni kwa nywila kabla hamjapanda treni ya SGR.