Wataka kazi ya utafiti wa usalama wa mitandao na uko Unguja au Pemba? Anzia hapa

Yakhe, kwanza tuelewane kazi yenyewe, mana vijana wengi wakisikia mambo haya wanafikiria kuingia kwenye Instagram ya mtu. Mtafiti anatafuta kasoro kwenye programu kabla wezi hawajaziona, anathibitisha kuwa ni kasoro kweli, halafu anaiandika vizuri mpaka aliyetengeneza programu aelewe na arekebishe. Hapo kwenye kuandika ndo pana ajira na ndo watu wanapopakimbia.

Mashine: laptopu yuzdi ya Darajani inatosha ila usikubali RAM chini ya GB 8, mana utaweka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta nyengine ndani ya kompyuta yako) na ndani yake Linux, mfumo endeshi wa bure, na ikiwa na GB 4 itakwama mpaka uichukie. Betri iangalie kabla hujalipa, umeme wetu unaujua. Kama laptopu bado, simu ya Android yenye Termux, programu ya kuandikia amri za Linux, inakutosha kuanza Bandit, mchezo wa bure wa OverTheWire, unaingia kwenye seva yao kwa SSH (njia ya kuiamrisha kompyuta ya mbali kwa maandishi) na kila levo unatafuta paswedi ya levo inayofata, zipo zaidi ya 30. Ni maandishi matupu hivo bando haliondoki, sio kama kozi za video.

Ukimaliza (au ukichokea levo za mwisho, sio dhambi) hamia Web Security Academy, mafunzo ya mtandaoni ya kampuni ya PortSwigger, nayo bure. Wao wamejenga tovuti mbovu makusudi ili wewe uzivunje kwa amani. Anza na kasoro za ruhusa, ile mtu anabadilisha namba kwenye linki anaona taarifa za mwenzake. Ni nyepesi kuelewa na bado zimejaa kila pahala, OWASP, shirika la kimataifa la usalama wa programu, kwenye orodha yao ya 2021 waliziweka namba 1.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Tuseme umefungua tovuti ya hoteli fulani Nungwi, risiti ya bukingi inaishia 1042, mkono unakuwasha unaandika 1041, paspoti ya mgeni hiyo hapo. Utasema sikuiba kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kuingia kwenye mfumo bila ruhusa peke yake ni kosa, faini inaanzia shilingi milioni 3 au kifungo kinachoanzia mwaka 1, au vyote viwili. Kwa hiyo benki, hoteli, mfumo wa serikali, tovuti ya skuli yako, usiguse bila ruhusa ya maandishi. Ukikutana na tatizo bila kulitafuta, simama hapo hapo, usifungue la pili, usidaunilodi, muandikie mwenye mfumo au wapelekee TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao, walio chini ya TCRA. Na usimwambie mtu "nilipe kwanza ndo nikuonyeshe", hiyo sio utafiti tena, ni kumtisha mtu akupe pesa.

Utafanyia mazoezi wapi basi? Watu wengi watakutuma HackerOne au Bugcrowd, kule makampuni yanatoa ruhusa na yanalipa anayegundua kasoro. Sawa, ila kuna umati, kasoro nyepesi zimeshaokotwa zamani, na anayeanza anaweza kukaa miezi hajapata hata senti akakata tamaa. Mimi ningeanzia kwenye plagini (vipande vya kuongezea kazi) za WordPress, programu ya kujengea tovuti. Msimbo wake uko wazi, plagini nyingi ni MB chache tu, unadaunilodi asubuhi, unaweka WordPress yako mwenyewe kwenye laptopu, halafu unasoma hata intaneti ikiwa imekatika. Mfumo ni wako, hakuna wa kukushtaki.

Chagua plagini ndogo ya bukingi au ya fomu. Tafuta pahala inapopokea kitu kutoka kwa mtumiaji, kwenye msimbo utakiona kwa majina $_GET na $_POST, kifate kinakwenda wapi. Kikiingia kwenye $wpdb->query (amri inayokwenda kwenye hifadhidata) bila kupita prepare inayokilinda, hapo pana harufu. Tafuta wp_ajax_nopriv, mana hizo ni kazi ambazo hata mtu asiyelogini anaweza kuziita, halafu tazama kama pana current_user_can, ukaguzi wa ruhusa, inayomzuia. Mara nyingi hutopata kitu, ndo kazi ilivo. Ukipata, ijaribu kwako mpaka itokee kila ukirudia, kisha watumie Wordfence au Patchstack, makampuni ya usalama wa WordPress, wao wanawasiliana na mtengenezaji na wana mamlaka ya kutoa namba ya CVE, kitambulisho rasmi cha kasoro iliyogunduliwa. Namba hiyo ikitoka na jina lako, mtu yoyote duniani anaweza kuithibitisha.

Ripoti yenyewe iwe fupi: programu gani, toleo gani, hatua moja moja za kuirudia, madhara yake, na namna ya kurekebisha. Ukishindwa kueleza kwa Kiingereza chepesi rudi kaandike tena, wala usijaze maneno makubwa.

Kuhusu ajira, tangazo lenye jina la mtafiti wa usalama usilisubiri hapa visiwani, ni nadra. Watu huingia kwa mlango wa IT, kusimamia netiweki na seva za benki, hoteli, taasisi kama eGAZ (serikali mtandao) na ZICTIA (miundombinu ya TEHAMA), wakiwa ndani ndo wanahamia usalama. Kwa kazi za serikali cheti cha chuo utaulizwa tu, SUZA na KIST wapo. OSCP, cheti cha kimataifa cha kupima usalama wa mifumo, inaheshimika lakini inapita dola 1,000, mwachie mwajiri alipie. Kazi za mbali zipo pia, na huko CVE 2 zina nguvu kuliko cheti cha semina.

Ukituma maombi usijiite "hakari" wala usiweke picha ya kofia na kompyuta ya kijani. Jina lako kamili, linki ya ripoti zako 2 au 3, sentensi moja kwa kila ripoti ulipata nini, basi, na kile ambacho bado hakijarekebishwa usitaje mpaka wenyewe watoe marekebisho.