Memori na diski za seva ya ofisi mjini Goma

Kwa hifadhidata ya watu 50 hivi, anza na GB 64 za memori ya ECC, inayosahihisha yenyewe kosa la biti moja. Usichanganye RDIMM na UDIMM (aina mbili za vipande vya memori), seva haitawaka. Vipande 4 vya GB 16, kila kimoja kwenye chaneli yake (njia ya data kati ya memori na prosesa), huenda kasi kuliko kimoja cha GB 64.

Diski ndizo zinazoumia hapa Goma, umeme ukikatika ghafla. Chagua SSD (diski zisizo na sehemu zinazozunguka) zenye kapasita, yaani vihifadhi vidogo vya umeme, za kumalizia kuandika data iliyo njiani. Za kompyuta za nyumbani kwa kawaida hazina. Diski 4 za TB 2 katika RAID 10 (mpangilio unaoandika kila data kwenye diski mbili) hukupa TB 4. Lakini RAID si nakala ya akiba: faili likifutwa, limefutika kote. Weka nakala nje ya jengo.