Chupa za plastiki, kabla hujazitupa

Jamani zile chupa za maji na soda msizichanganye na mabaki ya ugali, mwaga maji yote, zikauke, alafu zikanyage zibonyee, kiroba kimoja kinabeba nyingi kweli. Geuza kitako utaona kapembetatu kana namba 1, hiyo ndo PET, yaani aina ya plastiki ya chupa hizo, ila kifuniko ni plastiki nyingine kabisa, kata kipande cha chupa utie kwenye ndoo ya maji uone, chupa inazama kifuniko kinaelea, so vifuniko viweke pembeni. Chupa ya mafuta ya kula itenge, mie nilichanganya siku moja yule kijana anayepita kununua chupa akanirudishia kiroba kizima 😂 Ukitunza na maboksi, yasilowe. Kopo za soda ni aluminiamu, sumaku hainasi, hizo mpelekee wa skrepa anapima kwa kilo.