Kumvizia koyote kutoka kibandani: hatua ninazofuata huku Texas

Koyote ni wa jamii ya mbwa, ukimwona utadhani bweha wa kwetu Afrika aliyerefuka miguu. Mimi humwinda kwa ajili ya jirani mwenye mbuzi, nikikaa ndani ya kibanda cha turubai.

1. Anza na mzoga, bunduki iache nyumbani. Chuna ngozi ya shingo. Ukikuta alama za meno kooni na damu iliyovilia chini ya ngozi, mbuzi alikabwa akiwa hai, na koyote ndivyo anavyoua. Shingo ikiwa safi, huenda mbuzi alijifia na koyote akaja tu kujilia kibudu. Majeraha yakitapakaa masikioni, ubavuni na mapajani, na nyama haikuliwa, shuku mbwa wa watu. Alfajiri moja jirani alinipigia simu akitaka "wote wamalizwe". Nikachuna: hakuna jino, hakuna damu. Nikarudi zangu kulala.

2. Tazama kalenda. Texas haifungi msimu wa koyote, kwa hiyo ukishakuwa na leseni na ruhusa ya mwenye shamba, kinachobaki ni dhamiri yako. Watoto huzaliwa Aprili na Mei. Ukimpiga mama, watakufa njaa shimoni. Miezi hiyo siwindi, ila mbuzi wakiendelea kukabwa. Mashindano ya kuua wengi kwa zawadi siyagusi kabisa. California iliyapiga marufuku tangu 2014.

3. Simamisha kibanda siku kadhaa mapema, wakizoee. Fungua dirisha moja au mawili tu, maana mwanga ukitoka nyuma yako utaonekana kichwa na mabega. Vaa nguo nyeusi. Kule unakolenga pawe na kilima au ukingo wa udongo wa kumeza risasi. Na kiti kisilie! (Changu kililia msimu mzima.)

4. Hesabu upepo. Koyote akisikia mlio wa mawindo hupenda kuzunguka hadi demani, kama wasemavyo mabaharia, yaani upande upepo unakoelekea, anuse kwanza. Upepo ukitoka kushoto, spika ya milio iwe mbele kushoto, hatua 40 hivi. Akizunguka kuinusa atakatiza mbele ya dirisha lako. Umwahi kabla hajafika kulia, ambako harufu yako inamngoja. Cheza mlio wa sungura aliyeumia dakika mbili, nyamaza, rudia. Baada ya mlio wa mwisho kaa dakika 20 zaidi.

5. Mtambue. Akikimbia, mkia huwa chini. Tafuta ukanda shingoni: mwaka juzi kidole kilikuwa tayari kwenye kifyatulio, kumbe ni mbwa wa shamba la pili. Arizona na New Mexico yuko pia mbwa mwitu wa Meksiko, analindwa na sheria ya shirikisho. Ni mkubwa zaidi, pua pana, masikio mafupi ya mviringo. Ukiwa na shaka, acha.

6. Piga mluzi mfupi asimame, akupe ubavu. Lenga nyuma ya bega. Mpaka wangu ni mita 100. Ukimjeruhi, mfuate, hata kwa tochi.

7. Vaa glavu, kuna kichaa cha mbwa. Mzoga ukipoa viroboto huhama, basi usiupakie ndani ya gari. Mke wangu hajanisamehe hadi leo.