Kabla hujapanda mlima Říp

Usidanganywe na mita 456. Ukiuona kwa mbali kwenye tambarare ya Ucheki, kama bakuli lililofudikizwa, utasema ni wa nusu saa. Hapa ndipo hadithi inapomweka mzee Čech, babu wa Wacheki: alipanda, akaitazama nchi, akawaambia watu wake safari imekwisha.

Viatu viwe vya kushika, maana mawe ya njiani yanateleza. Maji ubebe. Kanisa la mviringo lililoko juu, linalohusishwa na ushindi wa mtawala wa Wacheki, Soběslav wa Kwanza, mwaka 1126, ulizia kwanza kama litafunguliwa. Mwisho wa Aprili kuna hija ya Mtakatifu George. Nenda mapema, watu ni wengi.

Sasa dira. Usiitegemee, hata ya simu. Mimi nilipanda Novemba kutoka upande wa Roudnice, mji ulioko kaskazini mwa mlima, ukungu ukanikuta kileleni. Miti imefunika kilele chote, huoni bonde, na kanisa la duara halina pembe ya kukuonyesha ulitokea upande gani. Nikafungua dira ya simu, ikanionyesha kaskazini, nikateremka kwa kujiamini. Nilitokea kijiji cha Ctiněves, kusini mashariki, mgongoni kabisa mwa kule nilikotaka. Mzee mmoja alinyoosha mkono kuelekea mlimani nilikotoka, akatikisa kichwa. Nikauzunguka mlima kwa miguu gizani, mikono imekufa ganzi, na treni ya Praha ilishaondoka.

Baadaye ndipo nikaelewa: mlima huu ni mwamba wa volkano wenye magnetiti, madini yanayovuta sindano ya dira. Wenyeji wanalijua hilo tangu zamani. Kwa hiyo fuata alama zilizopakwa kwenye miti, mstari wa rangi katikati ya miwili myeupe, na ukianza tu kupanda piga picha ya rangi ya njia yako.

Mawe usiokote. Jiwe lilitolewa hapa mwaka 1868 likawe la msingi wa Jumba la Maigizo la Taifa kule Praha, na kwenye kibanda kilichoko juu wameandika kwamba Říp kwa Mcheki ni kama Makka kwa Muhammad. Ingia kwa adabu hiyo.

Ukungu ukiwa mzito, ahirisha. Mwishoni mwa Novemba saa kumi na moja jioni ni giza. Simu iwe na chaji, soksi za akiba ziwepo, na aliyebaki nyumbani ajue unapandia upande gani.